Ndege Iliyopasuka Tumboni

Kama uliwahi kupita kambi ya wakimbizi ya Lukole, kule Ngara, kati ya mwaka tisini na sita na elfu mbili na saba, basi umesoma maandishi yangu, hata kama hukujua ni yangu. SALUNI YA AMANI, mimi. CHEMSHA MAJI YA KUNYWA, mimi. USIKATE MTI HUU, mimi pia, na mti wenyewe ulikatwa wiki iliyofuata, lakini kibao walikiacha kwa sababu kilikuwa kizuri. Naitwa Sindayigaya, fundi rangi. Unyenyekevu wa uongo siuwezi: toka Bugarama hadi Biharamulo hapakuwa na mkono ulionyoosha herufi kuliko huu wangu.

Kwa hiyo asije mtu akasema kazi ya rangi ilinishinda. Ilinishinda mara moja tu, na aliyeniumbua alikuwa mama mkwe wangu.

Jina lake Nyandwi. Nalitaja kwa sababu nasimulia. Mbele yake sijawahi kulitamka. Kwa mila aliyolelewa nayo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaitani majina, hawakai benchi moja, hawagusani hata mikono. Wakimbizi wengi waliitupa mila hiyo njiani pamoja na masufuria. Yeye masufuria aliyatupa, mila akaibeba. Miaka kumi na moja tangu nimwoe binti yake, Nimpaye, hakuwa amenielekezea neno hata moja. Akitaka chumvi iliyo mkononi mwangu, anamgeukia binti yake: "Nimpaye, mwambie mumeo chumvi." Nami najibu kwa njia hiyohiyo: "Nimpaye, mwambie mama chumvi hii hapa." Chumvi nayo inapitia kwa Nimpaye. Tuliishi hivyo mlango kwa mlango, na tuliishi vizuri tu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane mwaka 2007 orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Wale waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, ambao hawakuwa tena na shamba wala nyumba ya kurudia, walikuwa wanapelekwa Marekani. Mimi si wa sabini na mbili, mimi nilivuka tisini na tatu. Faili lilikuwa la mama mkwe. Yeye alikimbilia Rwanda akiwa na mimba ya Nimpaye, akakaa huko miaka ishirini na miwili, kisha mwaka tisini na nne akakimbia tena, akavuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Sisi wengine tulikuwa mkia wa faili lake: Nimpaye, mimi, binti yetu Iteka wa miaka tisa, na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya.

Karani alitueleza bila kuzungusha maneno. "Bibi akienda, mnaenda wote. Bibi asipoenda, faili linafungwa." Ndege ndogo ingekuja kiwanja cha Ngara Alhamisi ya wiki ya tatu, itupeleke Mwanza, na kutoka huko safari iendelee. Kambi yenyewe ilikuwa inafungwa. Tusipopanda, lilibaki lori la kuturudisha Burundi, mahali ambapo hatukuwa na hata pa kuchomeka jembe.

Mama mkwe alisikiliza yote, akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Sipandi ndege."

Nimpaye alimbembeleza siku mbili. Padri alikuja, akaondoka na mahindi ya kuchoma. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe. Nilimkuta uani anashona kapu, Nimpaye kando yake. Alikuwa mshonaji wa vikapu vidogo vyenye mfuniko uliochongoka, vile ambavyo kwetu tunaviita agaseke. Majani aliyakata bondeni, nyuzi alizichomoa kwenye magunia ya msaada, na nyeusi yake aliipata kwa kuzichemsha na tope la mtoni. Pambo lake lilikuwa moja tu maisha yote: vilima vyeusi vinavyopanda na kushuka kuzunguka kapu, na katika kila bonde mbegu moja ndogo.

Nikasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa. "Nimpaye," nikasema, "muulize mama ndege imemkosea nini."

Sindano haikusimama. "Nimpaye, mwambie mumeo niliwahi kuona ndege moja. Mwaka ule. Ilipita juu ya shamba letu la mihogo, baba yako akiwa katikati ya shamba. Ilikuwa ya kijivu. Haikuwa na rangi, haikuwa na pambo, haikuwa na alama ya mkono wa mtu yeyote. Baba yako hakurudi kula. Mwambie siingii ndani ya kitu ambacho sijui kimetengenezwa na nani."

Niliona huruma, halafu niliona hasira, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inanizamishia watoto.

Ndipo nikamkumbuka Renatus.

Renatus alikuwa Msubi wa Biharamulo, mtunza ghala wa shirika moja pale kambini, kijana mnene mcheshi, mwenye kompyuta yenye gemu ya kuendesha ndege. Mwezi wa tano nilimpakia rangi ofisi yake, na saa ya chakula, jenereta likiwa bado linanguruma, akanifundisha kurusha. Kati ya mwezi wa tano na wa nane nilikuwa nimeruka Ngara kwenda Mwanza zaidi ya mara arobaini. Ziwani nilianguka mara mbili tu. Mtu yeyote aliyenisikiliza nilimwambia kwamba mimi ni rubani niliyecheleweshwa na vita.

Na Renatus alikuwa amenionyesha siri moja tamu. Ngozi ya ndege ile kwenye gemu ni picha tu, picha bapa, kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Iko ndani ya folda yake. Unainakili folda, unaipa jina jingine, unaifungua picha kwenye programu ya kuchorea, unapaka unavyotaka, unahifadhi. Kisha kwenye faili la maelezo ya ndege unaongeza mistari michache ili gemu ijue kuna vazi jipya. Ukiiwasha, ndege inatoka bandani imevaa ulichochora. Renatus alikuwa ameipaka yake nyekundu na nyeupe za timu yake ya mpira. Ilikuwa mbaya, nami nilimwambia hivyo.

"Renatus," nikamwambia, "nipe saa zako za chakula tatu. Nataka kumshonea mama mkwe ndege."

Akacheka hadi kiti kikalia. Lakini alinipa.

Kuchora kwa mausi ni kama kuandika kwa kipande cha sabuni kilicholowa, ila fundi ni fundi. Nilichagua ndege ileile itakayokuja, yenye injini moja na bawa juu ya madirisha, ambayo watu wa kiwanjani huiita Karavani. Kwenye picha, ubavu wa kushoto ulilala juu, ubavu wa kulia chini yake. Nikaupaka mwili wote rangi ya majani makavu. Nikachora vilima vyeusi, kimoja baada ya kingine, kuanzia mgongoni hadi tumboni, na mbegu katika kila bonde. Nilikuza picha hadi nikaona kila kijimraba cha rangi, nikavirekebisha kimoja kimoja. Mkiani niliweka duara la mfuniko wa kapu linavyoonekana ukilitazama kutoka juu. Loo! Siku ya tatu ilipotoka bandani iking'aa juani, Renatus aliacha kutafuna.

"Sinda," akasema, "hii nikiipeleka Dar es Salaam wataniuliza nimeiba wapi."

"Waambie umeiba Lukole," nikamjibu.

Kesho yake Nimpaye akamleta mama yake. Renatus alisimama. "Shikamoo mama." "Marahaba," akajibu, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta huku mkoba wa kushonea ukiwa mapajani. Mimi nilibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, ili tusiwe chumba kimoja sawasawa. Renatus akawasha injini, akairusha, kisha akabonyeza kitufe cha kuitazama ndege kutoka nje. Ikawa inaelea juu ya ziwa la buluu, imevaa vilima vyake.

Mama mkwe akasogeza uso. Kisha taratibu, "Nimpaye. Ni vilima vyangu."

Nilivimba. Kwa nini nisivimbe? Nilijisikia tayari niko Marekani nimevaa koti.

Renatus naye, kwa kiherehere chake, akataka kumalizia kwa mbwembwe. Akailaza ndege ubavu, akalizungusha jicho la gemu hadi chini ya tumbo.

"Nimpaye," mama mkwe akasema, "mwambie mumeo ndege yake imepasuka tumboni."

Nikasahau mila, nikaingia hadi kwenye kioo. Alikuwa na haki tena! Katikati ya tumbo, toka puani hadi mkiani, vilima vya upande huu vilikuwa vinagonga mabonde ya upande ule. Kilele kimeangukia shimoni. Mbegu zimekatwa nusu, na nusu yake nyingine iko mbali, imepotea. Ulikuwa ufa mrefu uliopinda.

"Nyani haoni kundule," Renatus akanong'ona, akijizuia kucheka.

Damu ikanipanda. "Gemu hiyo!" nikafoka. "Nani anaangalia tumbo la ndege? Watu wanaangalia ubavu! Nimpaye, mwambie mama yako nimechora siku tatu, macho yananiuma, na hakuna mtu duniani anayeangalia tumbo la ndege!"

Mama mkwe akasimama, akakusanya mkoba wake. Hakupandisha sauti.

"Mwambie mumeo kwamba aliye juu ndiye anayeona ubavu. Mimi nilikuwa chini. Mwaka ule sikuona ubavu, niliona tumbo." Akaelekea mlangoni, nami nikaruka pembeni ili nguo zetu zisigusane. "Na mwambie kapu lisilokutana pambo, kwetu halimsindikizi bibi harusi. Tunalitilia majivu."

Akaenda. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nakiri nilikasirika hadi jioni. Nilimpakia rangi mtu mmoja ubao wa duka la dawa, nikaandika DAWA kwa nguvu hadi brashi ikachanika. Lakini fundi aliyeonyeshwa kosa hawezi kulisahau, hata akilazimisha. Nilipokuwa nafuta ubao wa mwenye duka ndipo nikaona nilichofanya. Mimi ni mtu wa mabango. Bango unaanza kushoto, unakwenda kulia, basi. Miaka kumi na minne mkono wangu haujui njia nyingine. Nilianza kushoto kwenye ubavu wa kwanza, na kushoto kule palikuwa puani. Nikaanza kushoto kwenye ubavu wa pili, na kushoto kule palikuwa mkiani! Vilima vya upande mmoja vilitoka kichwani, vya upande mwingine vilitoka nyuma. Vingekutana vipi?

Hilo nililijua peke yangu. Nisilolijua ni namna ya kuvikutanisha kwenye kitu cha mviringo, tena kinachokuwa chembamba kadiri kinavyokwenda nyuma. Bango halina mviringo. Mjuzi wa mviringo alikuwa mmoja, na sikuruhusiwa kumuuliza.

Asubuhi nikaenda uani. Nikasimama mahali pangu, Nimpaye akiwa katikati yetu na mwiko mkononi. "Nimpaye, muulize mama, kapu linaanzia wapi?"

"Nimpaye, mwambie mumeo linaanzia kitovuni. Chini, katikati. Kila kilima kinaondoka kitovuni kwa wakati mmoja, cha huku na cha kule, kinapanda kwenda mdomoni."

"Nimpaye, muulize na kapu linapopungua upana?"

"Mwambie hapunguzi vilima. Anapunguza mishono ndani ya kila kilima. Vilima kumi na viwili chini, kumi na viwili juu. Mwanamke anayedondosha kilima njiani atalia mwisho wa safari."

"Nimpaye, muulize, pale zinapokutana pande mbili?"

"Mwambie pale anaweka mbegu, si kilima. Nusu ya mbegu upande huu, nusu upande ule. Kisha ahesabu. Hahesabu, huyo. Anapenda kusifiwa tu."

"Nimpaye, mwambie mama nasikia!"

"Nimpaye, mwambie nimesema ili asikie."

Nimpaye akatupa chini mwiko wa ugali. "Basi! Mimi si redio koli ya shirika! Nina mtoto mgongoni na sufuria jikoni, na ninyi mmesimama hatua tatu!" Akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki wawili uani, mimi na mama mkwe, hatuna wa kupitishia neno. Mimi nikaangalia bati. Yeye akaangalia kuku. Halafu, bila kuinua macho, akalipindua kapu lake kitako juu, akaliweka juu ya kigoda katikati yetu, akageuka kwenda kuchota maji. Nikachuchumaa, nikahesabu mishono yote hadi alipokuwa anarudi.

Niliifuta ndege nzima. Renatus alishika kichwa, lakini niliifuta. Pua nikaifanya kitovu. Ubavu wa kushoto nikaenda kushoto kwenda kulia. Ubavu wa kulia nikaenda kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, na mkono ulipinga kama punda. Vilima kumi na viwili kila upande, vikisinyaa kuelekea mkiani bila kudondoka hata kimoja. Kwenye mstari wa tumbo nikaweka nusu mbegu hapa, nusu mbegu pale. Kila nilipomaliza kilima niliwasha gemu, nikaitazama chini. Nilitumia saa za chakula tano. Renatus alinilia maharage yangu yote siku hizo, akidai ni kodi.

Mama mkwe aliporudi, hata kukaa hakukaa. "Nimpaye, mwambie kijana aigeuze."

Renatus akaigeuza. Mama mkwe akatazama tumbo toka puani. Kidole chake kilikuwa kinakwenda juu ya kioo bila kukigusa, midomo inahesabu. Mimi mlangoni nilikuwa natoka jasho, jamani, kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi. Alifika mkiani, akarudi puani, akahesabu tena.

"Limekutana," akasema.

Hakusema limependeza, hakusema asante. Lakini alikaa, akamwuliza Renatus ndege inapandishwaje, na Renatus akamwonyesha vitufe. Mama yule wa miaka sitini na tatu akairusha ndege yake mwenyewe, akazunguka juu ya ziwa, nusura aigonge Mwanza, akatukana Kirundi ambacho sitakitafsiri. Alipotoka macho yalikuwa yanang'aa.

Nikamshika Nimpaye mkono nje. "Amekubali?"

Mama mkwe alinisikia. "Nimpaye, mwambie mumeo hii ni picha. Nitaiona yenyewe. Tumbo lake likinikataa, narudi na miguu yangu."

Alhamisi ilifika. Gari lilituteremsha kiwanjani, mabegi yetu meupe ya safari mikononi, na ndege ilikuwa pale kwenye changarawe. Karavani, ileile. Kwa juu ilikuwa nyeupe, mstari wa buluu ubavuni. Nikachuchumaa kidogo kutazama chini, na roho ikanitoka. Tumbo lilikuwa la kijivu.

Mama mkwe naye aliliona. Alisimama ghafla, kapu lake limekumbatiwa kifuani. Abiria wengine walimpita. Karani wa shirika alitazama karatasi, akatazama saa. Nimpaye alianza kulia kimyakimya, mtoto mgongoni akamfuata kwa sauti. Nami, mwenye jibu la kila mtu, nilitaka kusema, lakini nitasema nini, na kupitia kwa nani? Niliogopa. Niliwaona Iteka na mdogo wake ndani ya lori, wanarudi mahali wasipopajua.

Rubani akaja, miwani nyeusi, haraka nyingi. "Mama, twende, tunachelewa."

"Marahaba," mama mkwe akamjibu.

Kijana akavua miwani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisubiri."

Akampa Nimpaye kapu. Akakaza kitenge. Akaenda hadi chini ya ndege, akapiga magoti kwenye changarawe, akaingiza kichwa chini ya tumbo lile la kijivu. Nilisogea nikaona anachofanya. Lile bati lilikuwa limefungwa kwa ribiti, vichwa vidogo vya duara, mamia, vimepangwa mistari. Mistari ilishuka kutoka ubavu wa kushoto, mistari ilishuka kutoka ubavu wa kulia. Kidole chake kilipita juu ya kimoja kimoja, anahesabu kwa sauti. Rimwe, kabiri, gatatu. Rubani alifungua mdomo aseme neno, nikamtazama, akaufunga. Mama mkwe alikwenda hivyo kwa magoti toka puani hadi karibu na mkia, vumbi jekundu limejaa kitengeni, na hakuruka mstari hata mmoja.

Akatoka, akasimama, akajipangusa.

"Nimpaye," akasema. "Mwambie mumeo hii imeshonwa. Rangi hawajui kuchagua, lakini imeshonwa na mtu aliyefundishwa. Limekutana lote." Kisha akamgeukia rubani. "Haya. Ulikuwa unasema tunachelewa?"

Akapanda ngazi wa kwanza.

Ndani viti vilikuwa vichache, na karani alitupanga kwa karatasi yake isiyojua mila ya mtu. Nimpaye na watoto nyuma kabisa. Mimi na mama mkwe viti viwili vilivyogusana, mbele, karibu na dirisha. Tulitazamana kwa hofu kubwa kuliko ile ya ndege. Yeye akaliweka kapu katikati yetu, likawa ukuta, tukafunga mikanda, kila mtu akaangalia upande wake.

Injini ikawaka. Panga la puani likazunguka, bati zote zikaanza kutetema. Kelele ilikuwa nyingi, si ile ya kompyuta ya Renatus unayoweza kuipunguza. Changarawe ikapiga chini. Mama mkwe akageuka nyuma, "Nimpaye, mwambie mumeo," lakini Nimpaye hakusikia kitu. Akajaribu tena kwa nguvu. Nimpaye aliinua mikono tu. Ndege ikaanza kukimbia.

Basi mama mkwe wangu, Nyandwi, baada ya miaka kumi na moja, akanigeukia. Alinitazama usoni. Sauti yake aliileta hadi sikioni mwangu.

"Mkwe wangu. Hii inayotetemeka ni ndege, au ni mimi?"

Nilitaka kumwambia ni ndege. Nilikuwa na jibu hilo tayari, jibu la rubani wa mara arobaini. Lakini magurudumu yaliachana na ardhi, na nikaona kiti chake kimetulia, kapu lake limetulia, hata mikono yake imetulia.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Akatazama mkono wangu uliokuwa unaruka juu ya goti. Akalichukua kapu lililokuwa katikati yetu, akaliweka chini, miguuni. Kisha akaushika mkono ule, akaukaza, na hakuuachia hadi Mwanza.